Mwangwi Tumboni: Kifua Kikuu Kisichokaa Kifuani

Kwa muda wa wiki kadhaa nimekuwa nikipokea kutoka kwa wasomaji wa Ruiru, Juja na Thika suali moja lililovikwa nguo mbalimbali, nalo ni hili: yawezekanaje mtu asiyekohoa hata kidogo, ambaye makohozi yake yamepimwa yakaonekana safi, aambiwe na daktari aliyempitishia ultrasaundi tumboni kwamba huenda ana kifua kikuu? Niliulizwa vivyo hivyo uso kwa uso pale Kamakis, Ruiru, na mwuza nyama ambaye mimi humwendea, alipokuwa akinipimia mbavu za mbuzi. Binamu yake amevimba tumbo, amekonda mashavu, jasho la usiku lalowesha shuka, na jamaa wamekwisha kukata shauri kwamba amerogwa. "Mzee," akaniambia, kisu kikiwa hewani, "TB ni ya kifua. Hii ya tumbo imetoka wapi?"

Lawama ya kwanza naitupa juu ya jina lenyewe. Yule bakteria ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 hakula yamini ya kutotoka mapafuni. Huingilia humo, na aghalabu hukaa humo, lakini damu na limfu humchukua hata kwenye mitoki, utando wa mapafu, mfuko wa moyo, tumbo, mifupa na ubongo. Miongoni mwa wagonjwa wanaoandikishwa duniani, takriban mmoja katika kila sita ana TB ya nje ya mapafu, na kwa wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana jambo hilo huzidi. Hata uchunguzi mkubwa uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016, ambao ulikuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000, ulitegemea makohozi na eksirei ya kifua. Mtu wa namna ya huyo binamu hakuwamo katika hesabu asilani.

Na katika hiyo ultrasaundi pana ajabu ambayo mimi, niungame, siwezi kuipita bila kusimama. Ndani ya kile kichwa cha mashine, ambacho daktari hukipaka jeli na kukikandamiza chini ya mbavu za mgonjwa aliyelala kitandani pake, mna vipande vyembamba vyenye tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waliigundua katika fuwele mwaka 1880: ukivibana hutoa umeme. Na kinyume chake ni kweli vilevile: ukivipa umeme hujibana na kujitanua vyenyewe. Basi umeme unapovipiga, hutetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde, hali sikio la binadamu hukomea kwenye mara 20,000, na sauti hiyo isiyosikika hupenya nyama kwa mwendo wa mita 1,540 kwa sekunde. Na kila inapotoka katika kitu cha namna moja kuingia katika kitu cha namna nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine, ikishapiga ukelele wake, hunyamaza ikasikiliza, ikahesabu muda: mwangwi uliorudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde umetoka kina cha sentimita 7.7, kwani umekwenda na umerudi. Maji matupu hayana ndani yake mpaka wowote wa kuirudisha sauti, kwa hiyo huonekana meusi ti. Hewa, kinyume chake, huirudisha karibu yote, na ndiyo maana ya jeli, ambayo wasomaji wawili wameniuliza kama ni dawa. Si dawa. Kazi yake ni kuiondoa hewa baina ya mashine na ngozi.

Mwaka 2012 Tom Heller na wenzake, kutokana na kazi waliyoifanya Hlabisa, Afrika Kusini, walichapisha utaratibu mfupi uitwao FASH, uliokusudiwa khasa kwa wagonjwa wenye VVU katika hospitali zisizo na mabingwa wa picha. Daktari hutafuta maji yaliyouzunguka moyo, yaliyo kando ya mapafu na yaliyo tumboni. Kisha mitoki ya tumbo iliyozidi sentimita moja na nusu. Kisha madoa katika ini na wengu. Nilimwomba yule mwuza nyama anionyeshe wengu wa mbuzi, akaukata juu ya gogo: rangi moja, laini, bila alama toka ncha hata ncha. Wengu wa mtu mwenye siha huonekana vivyo hivyo kwenye kioo, kijivu kimoja kilichotulia. Walakini bakteria wakijenga vijipu humo, vya milimita chache tu, hutokea vitundu vyeusi, mfano wa ubao ulioliwa na dumuzi.

Lakini nisikilizwe vizuri: mashine huona maji, haioni bakteria. Moyo uliochoka hujaza maji, ini lililosinyaa hujaza maji, saratani nayo kadhalika. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya tafiti za wenye VVU, yalikuta kwamba ultrasaundi ya tumbo iliwabaini takriban 63 katika kila wagonjwa 100 waliothibitika kwa maabara, na katika kila 100 wasio na TB iliwaachilia 68 tu. Yaani huwakosa wengi na kuwasingizia wengi. Mwaka huo huo watafiti wa Ifakara, Tanzania, walichapisha kazi yao juu ya suali la upande wa pili, kama picha yaweza kusaidia kuiondoa dhana ya TB. Picha basi ni shahidi mmoja, na hakimu ni maabara: maji hutolewa kwa sindano, mtoki hufyonzwa, mkojo hupimwa, kipimo cha GeneXpert hutumika. Illa mgonjwa akiwa taabani, daktari aweza kuanza dawa kabla ya majibu, na hiyo si taksiri.

Sasa wale wenye mabanda kando ya barabara, wanaomshikisha mtu kipande cha chuma kiganjani na kumtolea karatasi zenye maradhi ya kila kiungo, kisha wakamwuzia chupa za kuyaponya yote: hao sina subira nao. Chuma kile hakipigi sauti wala hakisikilizi mwangwi. Kinachopimwa pale ni mfuko wako. Na wanaochanja mitoki ya shingo kwa wembe hufungua kidonda ambacho huweza kutoa usaha kwa miezi. Hofu nyingine nazo nizitue: ultrasaundi haina mnururisho wa eksirei. Moshi wa nyama choma hauleti TB, ila maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yaweza kuileta, yachemsheni.

Homa isiyoisha, jasho la usiku, kukonda, tumbo au shingo kuvimba: nendeni hospitali ya Ruiru au Thika Level 5, mkubali na kupimwa VVU. Dawa za TB ni bure katika hospitali za serikali, kwa kawaida miezi 6, na 12 ikiwa ni ya mifupa au ubongo. Aliyeanza pia dawa za VVU asishangae mitoki ikivimba zaidi katika wiki za mwanzo. Huenda ni kinga inayoamka na kumwona adui aliyekuwamo siku zote. Arudi kwa daktari, na vidonge aendelee kuvimeza.