Umechaguliwa mwenyekiti wa chama chuoni? Kambi ya mafunzo huanza kabla ya basi kuondoka

HONGERA, Chair. Kura zimehesabiwa, picha yako imezunguka kwenye kundi la WhatsApp, na hata wale waliokupinga wametuma kile kialama cha kupiga makofi. Siku chache baadaye unapata ujumbe kutoka kwa ofisi ya Mkuu wa Masuala ya Wanafunzi: viongozi wapya wote wa vyama wataenda kambi ya mafunzo ya uongozi, siku mbili au tatu, basi litaondoka saa moja asubuhi.

Wengi wakipata ujumbe huo huanza kufikiria raba za kuvaa, nani atabeba spika na watapigia picha wapi. Wanaenda, wanakula vizuri, wanasikiliza mgeni akizungumzia "maono", wanarudi na T-shati na cheti. Ukiwauliza mwezi mmoja baadaye ni nini kilibadilika chamani, wanakuonyesha picha.

Usiwe mmoja wao. Piga hesabu hii kwanza. Vyama vingi vya chuoni humpa kiongozi mwaka mmoja. Mwaka huo ni semesta mbili za kama wiki 14 kila moja, jumla wiki 28. Toa wiki mbili za kufungua kila semesta, watu wakihangaikia karo na usajili. Toa wiki mbili nyingine za mitihani. Umebaki na wiki 20. Ukienda kambini mikono mitupu, ukarudi kuanza kutafuta daftari la chama liko wapi, robo ya uongozi wako itakuwa imeenda kabla hujaitisha mkutano wa kwanza.

Ujirani wenye vyuo vingi

Kama unasoma kati ya Thika na Ruiru, una bahati ambayo pengine hujaitambua. Ukipanda matatu Thika mjini, umeacha nyuma Chuo Kikuu cha Mount Kenya (MKU), Chuo Kikuu cha Gretsa na Taasisi ya Kiufundi ya Thika. Ukifika Juja, unapita Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT). Ukiingia Ruiru, kuna Chuo Kikuu cha Zetech. Barabara ni moja, ile kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, na safari yote haizidi kilomita 20 na ushee.

Ndani ya vyuo hivyo kuna vyama vingi: Rotaract, AIESEC, chama cha wanafunzi Wakristo, cha Waislamu, cha wahandisi, cha wauguzi, cha drama, cha wanaotoka kaunti fulani. Kila kimoja kina mwenyekiti mpya aliye na maswali kama yako. Mara nyingi hamjuani.

Marekani, vyama vya udugu vya wanafunzi, vile vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, ni vya zamani sana. Phi Beta Kappa ilianzishwa 1776, na Alpha Phi Alpha, ya wanafunzi weusi, ilianzishwa Chuo Kikuu cha Cornell 1906. Hapa kwetu utamaduni huo haupo, na si lazima tuuige. Vingine kati ya vyama hivyo vimepoteza wanafunzi kwa sababu ya kulewesha na kutesa wanachama wapya eti ni kuwakaribisha. Lakini wana desturi moja nzuri: kuwaandaa viongozi wa matawi mapema. Rotaract, iliyoanzia North Carolina mwaka wa 1968, nayo huanza mwaka wake Julai 1, kwa hivyo aliyechaguliwa huwa na muda wa kujifunza kabla ya kushika hatamu. Kwetu mara nyingi mtu huapishwa leo, na kesho anaulizwa hela ziko wapi.

Soma sheria yako

Kabla ya kambi, tafuta katiba ya chama chako uisome yote. Si ile PDF uliyotumiwa wakati wa kampeni ukasoma ukurasa wa sifa za mgombea pekee. Jiulize: mkutano mkuu huitishwa siku ngapi kabla? Akidi ni wangapi? Nani hutia saini ya kutoa pesa? Kiongozi huondolewaje?

Kama umeingia kwenye baraza la wanafunzi la chuo kikuu, kuna sheria ya nchi pia. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilifanyiwa marekebisho 2016. Tangu hapo, wanafunzi wa kila kitivo au idara huchagua wawakilishi watatu, wasiwe wote wa jinsia moja, na wawakilishi hao ndio huchagua baraza. Mwenyekiti na naibu wake hawawezi kuwa wa jinsia moja. Muhula ni mwaka mmoja, na unaweza kurudi mara moja tu. Kabla ya hapo Paul Ongili, maarufu Babu Owino, aliongoza chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, kwa mihula kadhaa kabla ya kuwa mbunge wa Embakasi Mashariki 2017.

Na ukidhani cheo cha mwanafunzi ni mchezo, kumbuka jina la Titus Adungosi. Alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa SONU. Alikamatwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akahukumiwa miaka 10, akafia gerezani 1988. Wafula Buke, aliyeongoza chama hicho 1987, alifungwa miaka mitano. Wewe leo unaweza kuitisha mkutano, kuandika barua kwa usimamizi na kulala kwako. Uhuru huo una waliougharimia. Usiutumie kutafuta lifti ya kwenda Naivasha.

Mali bila daftari

Kazi kubwa kabla ya kambi ni makabidhiano. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ndipo vyama vingi vya chuoni hufia. Unahitaji vitu vinne mkononi: katiba, kumbukumbu za mikutano, hesabu za mwaka uliopita na orodha ya mali. Mali ni pamoja na ile bango iliyobaki chumbani mwa mtu fulani na nenosiri la ukurasa wa Instagram.

Kuhusu pesa, uliza swali moja bila kuona haya: ziko wapi? Kama ziko benki, majina ya watia saini lazima yabadilishwe, na kwa kawaida benki itataka kumbukumbu za mkutano uliowachagua na barua kutoka chuoni. Hiyo huchukua muda, kwa hivyo anza sasa. Kama ziko kwa M-Pesa ya mtu binafsi, hapo una shida hata kama mtu huyo ni mwaminifu kama malaika. Simu ikiibwa, mwenyewe akihitimu, au akipata dharura nyumbani, chama kimefilisika.

Je, aliyekutangulia akikukwepa? Usimwanike kwenye kundi. Mtumie ujumbe wa heshima wewe mwenyewe:

"Chair, habari za siku. Asante kwa kazi ya mwaka huu. Tunaenda kambi tarehe fulani na ningependa tukae saa moja kabla ya hapo unieleze tulipofika. Niko free Jumanne ama Alhamisi, nitakuja mpaka kwako. Naja na treasurer."

Ujumbe huo umemshukuru, umetaja siku, na umemweleza kuwa utakuja na shahidi. Akikataa mara mbili, peleka suala kwa mlezi wa chama. Lakini wengi hukubali. Mara nyingi mtu hakuiba chochote. Anaona aibu tu kwa sababu hakuandika.

Mtafute uliyemshinda

Tuseme ulipata kura 48 na mpinzani wako 41. Hao 41 bado ni wanachama. Kabla ya kupanda basi, mtafute mpinzani wako mnywe chai. Mwambie: "Ile sera yako ya kusaidia wa mwaka wa kwanza ilikuwa poa. Utaisimamia?" Usimpe kazi ya bure ya kumnyamazisha, mpe kazi halisi yenye tarehe.

Tuseme ukweli pia kuhusu kabila. Siasa za chuoni huiga za nje. Kuna watu waliokupigia kura kwa sababu ya jina lako la mwisho, na kuna waliokunyima kwa sababu hiyo hiyo. Angalia kamati yako. Kama wote mnaweza kuendesha kikao kwa lugha ya mama ya mmoja wenu, mna kazi ya kufanya. Angalia pia naibu wako. Kama ni mwanamke na kila mkutano yeye ndiye huandika kumbukumbu na kupanga chakula, basi cheo chake ni cha karatasi tu.

Nauli ya kambi ni ya nani?

Chuo kikilipa kila kitu, vizuri. Lakini mara nyingi chama huombwa kuchangia. Tuseme chama chako kina wanachama 60, na kila mmoja alitoa Sh200 za usajili. Hizo ni Sh12,000 za mwaka mzima. Ukitoa Sh4,500 za nauli, chakula na T-shati ya mtu mmoja, yaani wewe, umekula zaidi ya thuluthi moja ya hela za chama kabla hujafanya lolote.

Si dhambi kuzitumia, mradi wanachama wamekubali kwenye mkutano na imeandikwa. Waambie utaleta nini ukirudi. Na usiulizie posho ya kukaa kambini. Waliochanga mia mbili mbili, wengine wakingoja pesa za HELB zisizofika, hawakukutuma likizo.

Kama kuna kiongozi mwenzako asiyeweza kuchangia, lizungumzeni kimya kimya na mweka hazina. Kiongozi asibaki nyuma kwa sababu ya nauli ya kutoka Ruiru hadi Thika, na asitangazwe.

Ubebe nini?

Andika ukurasa mmoja. Juu, hali ya chama: wanachama wangapi hai, pesa ngapi, deni gani. Katikati, matatizo matatu yanayokukosesha usingizi. Chini, kalenda ya semesta ikiwa na tarehe za mitihani. Kaa na katibu, mweka hazina na naibu wako muuandike pamoja, hasa kama walioalikwa ni wenyeviti pekee. Ukiwa na ukurasa huo, mkufunzi akisema jambo utajua linakuhusu wapi. Bila huo utanakili tu.

Beba sweta pia. Thika ya Julai si ya mchezo. Kama unatumia dawa, zibebe. Na kama mtatembea hadi maporomoko ya Fourteen Falls kwenye Mto Athi, au kupanda Ol Donyo Sabuk, hesabu watu wako wakishuka na wakipanda basi. Mto hautambui cheo. Asiyejua kuogelea asishawishiwe kwa kelele za "ingia, usiwe muoga", na pombe isikaribie maji. Hilo ndilo jaribio lako la kwanza la uongozi, na halina cheti.

Kambini, usikae na marafiki zako. Kaa na mwenyekiti wa chama usichokijua, umuulize ni nini kilimfelisha aliyemtangulia. Ombeni mkufunzi awape mazoezi ya kweli: kuendesha mkutano kwa dakika 30, kumwambia rafiki hapana, kumpokea mwanachama anayekuja usiku akisema hajala tangu jana au hataki kuishi tena. Kwa huyo wa mwisho, jifunze hili mapema: wewe si daktari. Kaa naye, usimwache peke yake, na umfikishe kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali. Uwe na nambari hizo kwa simu yako kabla ya kuzihitaji.

Ukirudi

Ndani ya siku saba, itisha mkutano. Usisome notisi zote. Sema mambo matatu mtakayobadilisha, nani atayasimamia, na tarehe. Onyesha risiti. Wanachama wakiona risiti bila kuziitisha, wataanza kukuamini.

Halafu chukua nambari za wale wenyeviti wa Thika, Juja na Ruiru mliokutana nao, mpange kikao kimoja kabla ya semesta kuisha. Vyama vitano vikikodi ukumbi pamoja, kila kimoja hulipa sehemu ya tano.

Mwisho, nunua faili. Weka humo ule ukurasa mmoja, kumbukumbu za mkutano na risiti ya kwanza. Andika juu yake jina la chama, si lako. Wiki 20 kutoka sasa kuna mtu atakayechaguliwa, atapata ujumbe wa kambi, na atakutumia meseji akisema, "Chair, habari za siku." Muwekee faili hilo tayari.