Bunduki Isiyo na Namba

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawapeleka Unguja ya mwaka 1888. Bandarini wapagazi wanashusha shehena kutoka Ulaya: majora ya nguo, shanga, waya wa shaba, na masanduku marefu yaliyopigiliwa misumari. Humo ndani mna bunduki. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha, na zile kuukuu zikatafutiwa soko huku kwetu. Zikasafirishwa bara, nyingine zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, nyingine zikatumika kuteka watu na kuwafanya watumwa.

Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakakutana Brussels, na Sultani wa Zanzibar akawakilishwa. Wakapatana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema wanapiga vita biashara ya watumwa, na hilo lilikuwamo kweli. Ila mimi nawaambieni, anayejiandaa kuitawala nchi hapendi mwenyeji awe na bunduki nzuri kama yake. Zile za kizamani za gumegume wakaziachia kimlango.

Ndiyo sababu bunduki ya kizamani iliendelea kuishi vijijini, na hadi leo twaliona gobore, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Likiharibika lilipelekwa kwa mhunzi, fundi wa majembe na mikuki. Akalitengeneza. Baadaye akaweza kuunda jipya, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Najua mtauliza: mhunzi amekosa nini, naye anatafuta riziki?

Tuanze na mtutu wenyewe. Baruti ikiwaka husukuma pande zote, si mbele tu. Chuma kikiwa dhaifu kinapasuka, na kinapasukia karibu na jicho la mpigaji. Kule Birmingham, Uingereza, mji wa mafundi bunduki, tangu mwaka 1813 ipo nyumba ya majaribio. Mtutu hupigishwa kwanza kwa baruti iliyozidi kiasi. Ukisalimika, unagongwa chapa. Usipokuwa na chapa, hauuzwi. Gobore la kichakani hujaribiwa na mnunuzi, kwa uso wake mwenyewe.

Halafu kuna hili la nani ajibu. Mwaka 2004 nchi zetu, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na jirani zao, zilitia saini Itifaki ya Nairobi. Humo zilikubaliana kwamba bunduki inapotengenezwa lazima iandikwe jina la mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa, na namba yake. Polisi wakiiokota porini kando ya mzoga wa tembo, namba inawapeleka kiwandani, kiwanda kinawapeleka dukani, na daftari la duka linamtaja mnunuzi. Wakiokota gobore lisilo na namba, safari inaishia palepale kwenye majani. Hata mwenye leseni akiunda silaha bila kuiandika alama hizo, inahesabiwa haramu.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nayo inakataza kutengeneza silaha bila leseni. Kusema unalinda mahindi yako hakukuokoi. Hapo, nakiri, namwonea huruma mkulima, maana nyani hawamsubiri mtu apate kibali.

Serikali nayo huacha nafasi ya kurudi. Septemba na Oktoba mwaka 2022 ilitangaza msamaha: mwenye silaha haramu aisalimishe kwa hiari, asishtakiwe. Ningekuwa mjumbe wa kijiji, ningepita nyumba kwa nyumba usiku nikiwahimiza wazee.

Na mhunzi wetu? Mkono wake hakuna aliyeufunga. Afue majembe, mapanga, shoka na bawaba za milango mpaka mvukuto uchoke. Kwa hayo hakuna polisi atakayemdai leseni ya silaha.