Umeshika kingi tatu halafu unajificha? Somo la poka ya njiti pale Minjila

Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilipoufanya mto Tana uvunje kingo, kuna siku magari ya Lamu yalikwama Minjila nasi tukakwama nayo. Kama hupajui, Minjila ni ile njia panda karibu na Garsen: ukitoka Malindi, huku unaenda Lamu, huku Hola na Garissa. Abiria, makonda, watu wa boda, wote tumebanana kwenye kibanda cha chai, simu hazina chaji. Karata zikatoka.

Tulianza na poka yetu ya kawaida, ile ya "niko kadi". Wakenya wengi ukiwatajia poka ndiyo wanayoijua. 2 na 3 za kulisha mtu, joka ya kumwokotesha tano, 8 na kwini za kuuliza swali, jeki ya kuruka, kingi ya kurudisha, esi ya kukuokoa. Akili yake yote ni kuficha. Una esi na joka mkononi? Unanyamaza, unajililia kama mtu aliyefilisika, mpaka mwenzako aseme "niko kadi". Hapo ndipo unamshushia.

Tulipochoka nayo nikawafunza ile nyingine, Texas Hold'em ya limiti. Niliijua Mombasa nikiwa chuo, na nitasema baadaye ilinigharimu nini. Mezani tulikuwa wanne: mimi, konda mmoja wa basi, jamaa wa boda wa hapo Garsen, na mwanafunzi aliyekuwa akirudi Hola. Pesa hakuna. Kila mtu alipewa njiti 40 za kiberiti.

Sheria ni rahisi. Unapewa karata mbili za siri. Halafu mezani zinawekwa wazi tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, na mwenye mkono bora wa karata tano anabeba rundo la katikati, yaani poti. Dau huwekwa mara nne: kabla ya zile tatu kufunuliwa, baada yake, kwenye karata ya nne na kwenye ya tano. Limiti maana yake bei imepangwa. Sisi tulisema raundi mbili za kwanza dau ni njiti 2, mbili za mwisho njiti 4, na kwenye raundi moja dau linaweza kupandishwa mara tatu tu. Zile za kwenye filamu, mtu anasukuma kila alichonacho mbele huku anakukazia macho, huku hazipo.

Sasa sikia mkono ulioniumiza. Nilipewa kingi mbili, ya shupaza na ya pao. Nikapandisha, wote wakafuata, kila mmoja njiti 4. Poti 16. Zikafunuliwa kingi ya uru, 8 ya kopa, 3 ya kopa. Kingi tatu! Moyo ulinienda mbio mpaka nikaogopa konda atausikia.

Nikafanya nini? Nikagonga meza, yaani nikapita bila kuweka kitu. Ile akili ya "niko kadi" ilikuwa imenishika: nifiche, niwavute, niwachinje mbele. Wote wakagonga. Karata ya nne ikaja 6 ya kopa. Konda akaweka 4, nikapandisha hadi 8, akanirudia hadi 12, nikafuata. Wale wawili walishatupa karata zao. Ya mwisho, 2 ya shupaza. Konda akaweka 4, nikalipa. Akafunua jeki na 9, zote za kopa. Kopa tano. Njiti zangu 20, nusu ya mtaji, zikaenda.

Mwanafunzi akasema, "Si ungeweka dau mapema bro, angekimbia." Hapo ndipo watu wengi hukosea, hata waliocheza miaka. Asingekimbia! Fanya hesabu. Poti ina 16, mimi naweka 2, inakuwa 18. Yeye anatakiwa alipe 2 tu kutafuta 18, yaani moja kwa tisa. Kwa macho yake kuna karata 47 asizozijua, na kopa zilizobaki ni 9. Karata 38 zinamkataa, 9 zinamkubali, karibu nne kwa moja. Bei ni nzuri kwake, lazima alipe. Kwenye limiti huwezi kumtisha mtu aondoke, kwa sababu huruhusiwi kuweka dau la kutisha.

Basi kama angelipa na kopa ingekuja vilevile, kosa langu liko wapi? Kosa ni kwamba mara nne kati ya tano, kopa haiji kwenye karata ya nne. Na mezani hakuwa konda peke yake. Watu watatu wangenilipa njiti mbili mbili, jumla 6, wakati mimi ndiye niko mbele. Niliwapa karata ya nne bure. Siku hiyo ningepoteza njiti mbili zaidi, kweli. Lakini ucheze mkono huo mara mia, yule anayeweka dau kila mara atakuacha mbali sana, wewe na mitego yako.

Kwa hivyo ukishika mkono mzito kwenye limiti, weka. Wakipandisha, pandisha. Dau moja linaonekana dogo, ila faida yote ya mchezo huu imejengwa kwa dau moja moja zinazokusanywa kwa watu wanaofuata na karata mbovu. Kusubiri kuna nafasi yake, sikatai. Kuna mtu anayependa kuanza mwenyewe, unajua ataweka dau kwenye karata ya nne ambapo bei imeshapanda maradufu, unamngoja hapo na kumpandishia. Au mezani kumekauka kabisa na wewe una karata nne za aina moja. Mara nyingine yote unajidanganya tu kwamba wewe ni mjanja.

Kuna programu ya kompyuta inaitwa Cepheus, ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Januari 2015 watafiti wake waliandika kwenye jarida la Science kwamba limiti ya watu wawili imetatuliwa: hata ucheze nayo maisha yako yote, huwezi kuthibitisha kwamba umeipata udhaifu. Kinachonichekesha ni kwamba ikigawa yenyewe, hata ikiwa na esi mbili, karibu kamwe haipandishi lile dau la mwisho la raundi ya kwanza. Inajificha kidogo! Lakini ile inacheza na mpinzani mmoja asiyekosea. Pale Minjila tulikuwa wanne, na kila mtu alikuwa anafuata chochote chenye rangi.

Jamaa wa boda alishika haraka kuliko wote. Kufika saa nne usiku alikuwa anaweka na kupandisha bila huruma. Akaniinamia, "Kaka, hii naeza icheza kwa simu? Nina elfu tatu, ni za kulipa pikipiki kesho."

Sikumhubiria. Nilimwambia tu kwamba mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ya muhula mmoja iliishia humo humo kwa simu, na sehemu kubwa nilikuwa nacheza vizuri. Hakuamini. Nikachukua kikombe cha chai kilichokuwa tupu, nikakiweka katikati. Nikasema kuanzia sasa kikombe ndiye mwenye nyumba: kila poti, anayebeba anamkatia njiti moja.

Tukacheza mikono 60 hivi. Hakuna aliyecheza vibaya, konda alikuwa amejifunza hata kutupa karata. Alfajiri tukahesabu. Tulianza na njiti 160 mezani. Mimi nilikuwa na 22, konda 31, mwanafunzi 9. Jamaa wa boda, bingwa wetu, 38, chini ya zile 40 alizopewa.

Akakivuta kikombe, akakimwaga mezani, akaanza kuhesabu zile njiti 60 moja moja. Kisha akazihesabu tena.