Joto la Kupanda, Joto la Kushuka: Kuchagua Gari la Kazi Uluguru

Chukua HiAce yenye abiria na mizigo, uzito wake wote tani tatu. Ipandishe kutoka Sangasanga, pale barabara ya Mgeta inapoachana na ile ya Iringa, hadi vijiji vya Nyandira, mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Fizikia ya sekondari inatosha kupiga hesabu. Zidisha uzito kwa nguvu ya uvutano na kimo, utapata jouli milioni 29 na ushei kwa kila mita 1,000. Lita moja ya dizeli ina jouli kama milioni 36, lakini injini kongwe hugeuza takriban theluthi moja tu kuwa kazi. Kwa hiyo kuliinua gari peke yake, achilia mbali msuguano wa matairi na kuanza upya kila kona, kunakula kati ya lita mbili na nusu na tatu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo haikuinua chochote, imegeuka joto.

Kisha gari linashuka. Jouli zile milioni 29 zilikuwa zimewekwa akiba kwenye kimo, na sasa zinadai kutoka zote. Zinatosha kuchemsha ndoo nne za maji za lita 20. Joto hilo halina pa kwenda ila kwenye breki, injini na hewa.

Mazungumzo ya kununua gari, pale Msamvu au kwenye gereji yoyote ya Morogoro, huanzia kwingine: mwaka wa gari, cc, kilomita, bei. Yana nafasi yake. Lakini gari la kazi linaloingia milima ya Uluguru huuawa na joto kuliko kitu kingine chochote, na ni nadra kumsikia mnunuzi akimuuliza dalali habari za joto.

Kwanza tuliangalie gari lenyewe. Toyota ilianza kuuza HiAce mwaka 1967, na nyingi tunazoziona barabarani ni za vizazi viwili, cha 1989 na cha 2004. Umbo lake halikubuniwa kwa ajili yetu. Japani ina daraja la magari madogo ambayo hayapaswi kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2. HiAce ndefu ya 2004 ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695, yaani imekatwa milimita tano ndani ya mstari. Ili mzigo upate nafasi ndani ya sanduku hilo, injini ilisukumwa chini ya viti vya mbele. Sisi tulipokea gari jembamba linalokata kona za Mgeta bila kurudi nyuma mara mbili, na pamoja nalo injini iliyofungiwa mahali pasipo na upepo. Toleo pana, lenye upana wa mita 1.88 na urefu wa mita 5.38, linamvutia anayetaka kuweka kitanda, lakini likikutana na Fuso la kabichi kwenye kona, mmoja itabidi arudi kinyumenyume.

Sheria za Japani zilitufaidisha kwa njia nyingine pia. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilizuia magari ya dizeli ya biashara yasiyotimiza viwango vya moshi. Gari lililokuwa zima kabisa likakosa kazi kwao, na magari ya namna hiyo yakatafutiwa barabara kwingineko.

Sasa turudi mlimani. Kwenye lami ya kwenda Dodoma mwendo wa gari huleta upepo kwenye rejeta. Kwenye mwinuko wa udongo uko gia ya kwanza au ya pili, kasi ya baiskeli, injini inanguruma kwa nguvu zake zote, na upepo pekee ni wa feni. Feni ya injini nyingi za aina hii huzungushwa kupitia klachi ya mafuta mazito ya silikoni. Mafuta hayo yakichoka, feni huzunguka kivivu na hakuna taa itakayokuambia. Zima injini ikiwa ya moto, kisha sukuma feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe mara kadhaa bila ukinzani, klachi imekwisha.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, kitu kidogo ambacho wengi hukibadili kikiwa kimepotea tu. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, na kwenye mita 1,600 huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima huzuia shinikizo ndani, na kiwango cha kuchemka hupanda kupita nyuzi 115. Mpira wake ukikauka umezipoteza nyuzi 20 hivi, tena pale juu unapozihitaji zaidi. Ukiongeza maji ya kijito badala ya kulanti, madini yake hujenga utando ndani ya mirija, na utando huo huzuia joto lisitoke kwenye chuma.

Mafundi wetu, ambao wamefufua magari ambayo kiwanda chenyewe kingeyakatia tamaa, wana tabia moja inayonishinda: gari likichemsha tu, themostati inang'olewa na kutupwa. Kazi ya themostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Bila hiyo, injini hushuka mlima ikiwa baridi, mafuta hayaungui vizuri, na vyuma hulika mapema. Kwenye baadhi ya injini themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, kwa hiyo ukiiondoa, sehemu ya maji hairudi tena kwenye rejeta, na dawa inakuwa ugonjwa. Ukikagua gari lililotumika nchini, uliza kama themostati ipo. Jibu litakuambia mengi kuhusu historia ya gari hilo.

Kuhusu injini, kijiweni utasikia kwamba dizeli za zamani, 3L na 5L, hazifi. Kuna ukweli ndani yake. Pampu yake ni ya kimakanika, nozeli zake huvumilia uchafu, na fundi aliye kijijini anaweza kuifungua kwa spana za kawaida. Lakini 3L haina turbo, na nguvu zake ni za farasi 90 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa huzidi kuwa nyepesi. Wenye haraka wakakimbilia 1KZ-TE, ya cc 2,982 na yenye turbo. Inapanda vizuri, ila hedi yake ya aluminiamu ina sifa mbaya ya kupasuka ikichemshwa. Mara moja tu inaweza kutosha.

Dizeli za kizazi kilichofuata, 2KD na 1KD, zina nguvu zaidi na hunywa kidogo. Siri yake ni kusukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 la hewa tunayovuta, kupitia nozeli ambazo nafasi kati ya vyuma vyake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Hapa ndipo mafuta yanapokuwa sehemu ya gari. Kwa miaka mingi dizeli yetu ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya kodi, na mafuta ya taa hayalainishi pampu. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili wachakachuaji wakamatwe, na mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hali ya vituo vya mjini ni tofauti na zamani. Hata hivyo dizeli inayouzwa kwa madumu kijijini, iliyosafiri juu ya bodaboda na kukaa nje usiku kucha, ina maji ndani yake. Mwenye 2KD aongeze chujio la kutenganisha maji na ajaze tangi Morogoro.

Mimi ningechagua petroli. Najua hapa wengi wataguna. HiAce ya 2004 yenye injini ya 2TR, cc 2,693, ina nguvu za farasi karibu 150, inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na haina pampu ya shinikizo kubwa ya kuogopa maji ya dumu kama ile ya 2KD. Inakunywa, sikatai, anayekwenda Dar es Salaam kila siku itamfilisi. Kwa timu inayopanda mlimani mara chache kwa mwezi, tofauti ya mafuta ni ndogo kuliko gharama ya seti moja ya nozeli. Tena ukiachia pedali mtelemkoni, koo la hewa la petroli hufunga, pistoni huvuta hewa isiyokuwepo, na gari hukabwa. Dizeli kongwe haina koo hilo, hivyo dereva wake hutegemea zaidi gia ndogo na msuguano wa injini.

Na mtelemko ndio unaoua watu. HiAce ina breki za diski mbele na za dramu nyuma. Dereva anayeshuka na gia ya nne huku mguu uko juu ya breki muda wote anazimwagia diski zile ndoo nne za maji ya moto. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishashiba maji huweza kuchemka kwa nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubinyika, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. DOT 4 huanzia nyuzi 230, na ikiloa hubaki na 155. Miteremko ya mashariki hupata mvua mara mbili na zaidi ya ile ya Morogoro mjini, na unyevu hauko mbali na gari mwaka mzima. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama rangi yake inapendeza.

Kuhusu kukwama nitasema machache. Udongo mwekundu wa Uluguru ukilowa huteleza vibaya, na kinachoamua ni magurudumu gani yanavuta. Mwinukoni uzito huegemea nyuma, kwa hiyo HiAce inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ikiwa na mzigo, hupata mshiko. Noah za kuanzia mwishoni mwa 2001, zile za kawaida, huvuta kwa mbele, na mbele ndiko kunakopungua uzito. Ndiyo maana Noah inayotamba Msamvu huzungusha matairi bure kwenye kilima cha matope. Zipo HiAce zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Zinasaidia, lakini hazina gia ya chini ya kupandia, hivyo usizilinganishe na Land Cruiser. Na zichunguzwe chini kabla ya kitu kingine: aghalabu ziliagizwa na watu wa mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Mng'aro wa juu haukuambii lolote kuhusu kutu ya chini.

Wapo wanaotaka kulala ndani ya gari: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wapiga picha, na wageni wanaomfuata Malaconotus alius, ndege asiyepatikana kokote duniani ila Uluguru, ambako msitu ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Kwao hesabu ya uzito ni ileile, ila inafanyika kimyakimya, kwa mbao, betri na masanduku. Lita 100 za maji ni kilo 100. Tangi likiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, hunyanyua pua ya gari mwinukoni na usukani hupoteza mshiko. Likiwekwa kwenye keria juu, gari huanza kuyumba kwenye barabara iliyoinamia bondeni. Mahali pake ni sakafuni, katikati ya ekseli mbili.

Usiku wa Julai huko juu ni wa baridi kali, na hapo hutokea kosa lisilo na fursa ya kurudiwa, la kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga vioo. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu halali tena usingizi wa kawaida, anazimika. Nunua blanketi la pili, na uache kioo kimoja wazi kidogo.

Kabla ya kulipa, omba kulijaribu gari likiwa na watu wanane ndani, si tupu. Panda nalo Kinole kupitia Mkuyuni, mchana wa jua, ukitazama kipimo cha joto: mshale ukishapanda katikati, utulie hapo. Juu usizime injini mara moja, iache izunguke dakika mbili tatu, kisha tazama chini ya gari kama kuna kinachodondoka. Ukishuka, tumia gia ya pili, na ukifika tambarare simama upime pedali ya breki kwa kuikanyaga na kuishikilia. Ikizama polepole, kuna mafuta yanayopita mahali. Vuta harufu kwenye kila gurudumu, na linalonuka kuliko mengine lina breki iliyonata. Dalali akisema hakuna haja ya kwenda mbali kote huko, mwambie mafuta unalipia wewe.