Kwa Nini Bushi za Mpira Hazipakwi Oili

Gari la zamani, kama vile Land Rover yenye springi za vyuma bapa, mara nyingi huanza kulia lipitapo penye mashimo. Dawa inayokimbiliwa ni kupaka oili au grisi katika bushi, yaani vile vipande vya mpira vikaavyo katika ncha za springi. Kelele hunyamaza kwa siku chache, kisha bushi huharibika upesi zaidi. Sababu yake ni ya kikemia.

Molekuli za mpira wa asili ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa joto pamoja na salfa huwa imara, kwa kuwa salfa huiunganisha minyororo hiyo mithili ya madaraja. Oili ya injini nayo ni ya kaboni na haidrojeni, na vitu vya jinsi moja huchanganyika kwa urahisi. Basi oili hupenya baina ya minyororo na kuitanua. Mpira hauyeyuki, maana madaraja ya salfa huuzuia. Bali huvimba, hulainika na kupoteza nguvu.

Tena, bushi ya mpira haikuundwa iteleze. Hushika chuma ndani na nje, na springi ichezapo, mpira wenyewe hujipinda na kurudi. Ukiteleza, msuguano huula.

Wakati wa kuingiza bushi mpya, maji ya sabuni yatosha: hurahisisha kazi, kisha hukauka na mpira ukashika. Boliti zikazwe kabisa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umepindika daima na kupasuka mapema. Bushi za poliurethani ni habari nyingine. Nyingi huteleza, nazo hupakwa grisi maalumu ya silikoni.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili. Mipira miwili ya kufungia karatasi, yenye urefu sawa, itumbukizwe mmoja katika mafuta ya taa, mbali na moto, na mwingine katika maji ya sabuni. Baada ya siku moja ipimwe, kisha ivutwe. Tofauti itaonekana.

Bushi iliayo husema kwamba imechakaa au imelegea. Kuinyamazisha kwa oili si kuitengeneza: siku ya kufunga breki kwa ghafla, ekseli isiyoshikwa barabara yaweza kulivuta gari kando ya njia.