Kima punju: anakula makaa, lakini ndizi mnyime!

Wadau, sisi vijana wa Mpendae watalii tunawaona kila siku wakielekea Jozani, lakini ukiuliza nani kati yetu kashafika, wengi kimya. Na si mbali, kilomita 35 hivi kutoka mjini. Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mbele ya geti. Msitu ule umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004.

Mwenyewe pale ni kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kuzunguka uso. Asili yake ni Unguja tu, kwengine duniani hayupo, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria wamebaki zaidi ya 5,800. Ni wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini bado wamo hatarini kutoweka.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Tumbo la kima punju lina vyumba kama la ng'ombe, na ndani yake kuna bakteria wanaochachusha majani. Sukari ya tunda bivu inavuruga kazi hiyo, tumbo linajaa asidi na gesi. Ndiyo maana yeye anapenda majani machanga na matunda mabichi. Kwa hiyo ukimrushia ndizi mbivu ili upate picha nzuri, ujue unamuumiza.

Na makaa je? Majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazosumbua tumbo. Makaa huzinasa kemikali hizo, basi kima wa mashambani hula majani, kisha wakatafuta vipande vya makaa. Watoto huiga kwa mama zao. Dawa bila daktari!

Hatari nyengine ni barabara, maana inakata katikati ya msitu. Kima wengi waligongwa pale mpaka yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Madereva mnaosoma hapa, mkifika kwenye matuta yale msitukane, punguzeni mwendo.

Mkienda, nendeni asubuhi, msiwaguse wala kuwasogelea sana, maana hata mafua yetu wanaweza kuambukizwa. Na mwenye mafua abaki nyumbani.

Haya, nani kashafika Jozani? Tupeni maoni hapo chini.