Bustani Isiyokausha Kisima cha Jirani

KILA uingiapo msimu wa kaskazi, kati ya Januari na Machi, mwambao wetu wa Lamu hukauka. Mvua zake nyingi hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai, na baada ya hapo ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe hubaki ikitegemea unyevu mchache uliosalia. Ajabu ni kwamba katika miezi hiyo hiyo ya ukame ndipo mipira ya maji hufunguliwa asubuhi na jioni kumwagilia mazulia ya nyasi majumbani.

Hatukusudii kuharamisha uzuri. Dini yetu haimkatazi mtu kuupamba uwanja wa nyumba yake. Tunachouliza ni hiki: maji yanayoupamba uwanja huo yanatoka wapi, na ni ya nani?

Maji matamu juu ya maji ya chumvi

Vilima vya mchanga vya Shela hunywa maji ya mvua na kuyahifadhi chini ya ardhi, na visima vinavyolisha mji wa Lamu hutegemea hazina hiyo. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya ardhini. Wataalamu wana kanuni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Basi tukiivuta mita moja ya juu, chumvi hupanda kutoka chini mara nyingi zaidi ya kiasi tulichokiona kikipungua. Yamewafika ndugu zetu wa Oman katika ukanda wa Batinah, ambako kuvuta maji kupita kiasi kumeingiza bahari mashambani.

Na tufanye hesabu ndogo. Nyasi katika siku za joto hupoteza takriban milimita 5 za maji kwa siku, sawa na lita 5 kwa kila mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 10 kwa 10 utahitaji lita 500 kila siku, yaani madumu 25 ya lita 20. Mtume (SAW) imepokewa katika Sahihi Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Maji yanyweshwayo nyasi kwa siku moja yangetosha kutawadhia kwa kipimo hicho zaidi ya mara 500. Nao mafundisho yake kwamba watu ni washirika katika maji yanajulikana. Asiyekuwa na pampu ndiye wa kwanza kuonja chumvi ya kisima.

Miti iliyotuzoea

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ameiotesha pwani hii miti inayostahimili jua, mchanga na upepo wa bahari, na mingi kati yake imo katika maisha yetu tangu harusi hadi mazishi. Mhina hufaa sana kuwa uzio wa uwanja. Hukatwa ukachipua tena, na majani yake huwapamba maharusi wetu. Mswaki, ambao Sunna imeusisitiza, huota hata penye udongo wa chumvi. Mkunazi ni wa ukoo mmoja na sidri iliyotajwa katika sura za Sabaa, An-Najm na Al-Waqia, na majani yake ndiyo tunayoyatafuta tunapomwosha maiti. Ni mitaa mingapi leo ambamo jamaa wa marehemu huhangaika kutafuta majani hayo, ilhali nyua zimejaa maua ya kununuliwa?

Penye nafasi kubwa, mkwaju na mbuyu hutoa kivuli na matunda, lakini ipandwe mbali na kuta na birika. Mkoma hutupa miyaa ya kusukia mikeka na vikapu. Karibu na ufuo, mtondoo huhimili upepo wa chumvi. Penye mawe panafaa shubiri, na pia ule mti wa shina nene na maua mekundu uitwao waridi la jangwani. Huo wa mwisho utomvu wake ni sumu, hivyo watoto wasiuchezee.

Lakini si kila mti ustahimilio ukame ni rafiki. Mathenge uliletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuifunika ardhi kavu kwa kijani, ukavamia malisho ya Baringo na Tana River, hata mwaka 2008 ukatangazwa kuwa gugu hatari. Hata mwarobaini, pamoja na sifa zake za dawa, ni mgeni kutoka Bara Hindi, nao huenea wenyewe katika misitu ya pwani.

Namna ya kupanda

Mashimo yachimbwe Machi, na miche ipandwe mvua za Aprili zikishika. Mche mdogo ni bora kuliko mkubwa, kwani mizizi yake huwahi kushuka chini. Shina lizungushiwe majani makavu ili unyevu usitoroke, lakini yasiligusa. Mche umwagiliwe maji mengi mara chache, jioni, katika kiangazi cha kwanza na cha pili. Baada ya hapo mti ulioizoea ardhi hii utajitegemea. Uwanja usisakafiwe wote, bali uachiwe mchanga na kokoto ili mvua irudi ardhini. Na misikiti yetu, ambayo humwaga maji ya udhu kila sala, ingeweza kuyaelekeza kwenye mikunazi na mikwaju badala ya kuyaacha yapotee mtaroni.

Tusisahau kwamba Muislamu apandaye mti, akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi na tuanze kwa mkunazi mmoja katika kila mtaa, ili jirani apate majani siku ya msiba wake, na maji matamu siku zote. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuihifadhi amana yake. Amin.